Kwaheri Mzee

Kama wiki jana hukupata gazeti, hujakosa kitu ila aibu yangu, na aibu yangu haiishi. Nikueleze mbio mbio.

Mimi ni Abei, nyanya wa wajukuu kumi na mmoja, nakaa hapa Lodwar. Siku moja nilimpeleka mume wangu Lotiir kupimwa macho. Msichana wa pale mlangoni akaniangalia, akamwangalia Lotiir, akasema, "Mama, huyu kijana wako aketi hapa."

Kijana wangu! Lotiir, ambaye alikuwa na mvi wakati mimi bado nacheza ngoma ya edonga na wasichana wenzangu!

Lotiir alicheka kutoka pale mpaka nyumbani. Alicheka siku tatu. Aliporudi kwa mbuzi zake upande wa Lorugum alikuwa bado anacheka. Nilimsikia mpaka pikipiki ikapotea.

Ndipo nikaanza kutafuta ujana. Nikanunua mafuta ya konokono yaliyosifiwa kwa redio, mimi ambaye sijawahi kumwona konokono. Nikapaka. Nzi wakanipenda. Nikajipaka limau na dawa ya meno. Hiyo ndiyo mliyosoma wiki jana, na msomaji mmoja wa Lokichar akatuma ujumbe kusema mimi ni mjinga.

Mtoto wa watu, ulisema mapema. Ujinga wenyewe unaanza leo.

Binti yangu Akaale ameolewa Kakuma. Nikapanda gari kwenda kumwona. Yaani, niliwaambia watu naenda kumwona Akaale. Nilienda kumwona Christelle.

Christelle ni Mkongo, anauza vipodozi sokoni kule kambi ya wakimbizi. Uso wake unang'aa kama sufuria mpya. Lakini vifundo vya vidole vyake vilikuwa vyeusi, kama amevaa mikono ya mtu mwingine. Niliviona. Nikajifanya sijaviona. Mtu anayetaka kudanganywa hulifumba jicho lake mwenyewe.

"Karibu, koko," akasema. Kwao koko ni nyanya. "Unatafuta nini?"

"Ujana."

"Ya miaka ngapi?"

"Toa kumi. Ukiweza, toa kumi na tano."

"Kumi na tano ni chupa mbili."

Akaniletea chupa hazina hata jina. "Hii natengeneza miye mwenyewe. Ndani kuko karoti, kuko asali, kuko siri."

"Siri gani?"

"Koko, nikisema itakuwa siri tena?"

Nikaona ana akili. Sikuuliza kama siri yenyewe inauma.

"Lakini minataka picha," akasema. "Watu hawaamini chupa, wanaamini picha. Moja ya mbele ya dawa, moja ya kisha dawa."

Akanipiga picha ya uso palepale, juani, hata nimekunja macho. Nikatoka kama mzizi wa mti. Akafurahi sana. Kisha akaangalia shingo yangu.

"Sasa toa hizi shanga."

"Hizi hazitoki," nikamwambia. "Huku kwetu mwanamke hatoi shanga wala alagama mume akiwa mzima." Alagama ni ile pete ya chuma ya shingoni. Mtu akikuona nayo anajua una mume. Akikuona huna, anauliza amezikwa wapi.

"Dakika moja tu, koko. Na chupa zote mbili nakupatia bure."

Bure! Hilo neno limemaliza watu kuliko nyoka.

Dakika moja ilikuwa saa nzima, na sabuni, na goti la Christelle mgongoni mwangu. Shanga zikatoka, alagama ikatoka, shingo ikatoka nje. Upepo ukapita pale mara ya kwanza kwa miaka hamsini. Nilijisikia kama nimesimama uchi sokoni.

Christelle akainama karibu. Akagusa kwa kidole. Akagusa tena.

"Mungu wangu! Koko, hii shingo ni ya mtoto! Hakuna hata mkunjo moja! Unapaka nini huku?"

"Sipaki kitu. Ni shanga tu. Jua halijawahi kufika hapo."

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akashusha sauti. "Koko, hayo maneno usiseme tena kwa mtu."

Ndugu msomaji, hapo mtu mwenye akili angechukua shanga zake akaenda nyumbani. Jibu nilikuwa nimelivaa shingoni miaka hamsini. Mimi nikauliza, "Nipake mara ngapi kwa siku?"

Basi uso wangu ukawa picha ya kwanza, shingo yangu ikawa picha ya pili. Mtu mmoja, siku moja, na dawa bado iko kwenye chupa.

Christelle akaandika maneno makubwa juu ya picha, akaniletea simu. "Koko, unajua kusoma? Angalia kama iko sawa."

Nilisoma mpaka darasa la tatu. Nikafuata herufi moja moja na kidole: KWAHERI MZEE.

"Iko sawa," nikasema, na mimi ndiye mwalimu.

Christelle alitaka kuandika "uzee". Hiyo M niliiona kabisa. Nikadhani imewekwa kwa heshima.

"Sasa shingo ipumue siku saba," akasema. "Shanga na hii chuma zibaki hapa dukani, nizitundike karibu na picha."

Nikaziacha. Nikarudi Lodwar na chupa mbili, shingo imenyooka kama ya mbuni.

Siku ya kwanza uso uliwasha. Nikampigia Christelle. "Inafanya kazi," akasema.

Siku ya pili uso uliwaka. "Inafanya kazi sana."

Siku ya tatu macho yalivimba, ngozi ikakaza kama ya ngoma, na nikijaribu kucheka midomo inataka kupasuka. "Koko, uzee yako ni kichwa ngumu. Ongeza."

Nikaongeza. Chupa ya pili ikaisha.

Siku ya nne, chai haijachemka, nikamwona jirani yangu Adome anakuja na wanawake watano, wamejitanda shuka. Adome ndiye aliyenicheka zaidi wakati wa konokono. Nikasema moyoni, haya, wameona picha. Leo Adome ataomba namba.

"Ejok, Abei," akanisalimu, kwa sauti ya chini.

"Ejok." Sikutabasamu. Ningepasuka.

"Tumeona picha."

"Mmeona?" Nikanyoosha shingo waione vizuri.

"Tumeona. Hatukuamini. Ilichukua muda gani?"

"Siku nne."

"Uui! Siku nne tu!"

"Niliambiwa saba. Lakini mimi niliongeza dawa, ikaenda haraka."

Wakaangaliana.

"Kuna dawa ulitumia?" Adome akauliza.

"Chupa mbili. Nimepaka mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Na... kulikuwa na maumivu?"

"Kwanza inawasha. Halafu inawaka. Halafu inachubuka. Halafu basi, imekwisha."

Mwanamke mmoja akaanza kulia. Nikaona huyo ana wivu.

"Abei," Adome akasema, "na moyo wako hauna hata huruma?"

"Huruma ya nini? Hiyo uzee ilikuwa imenichosha! Miaka yote naibeba, inanichekesha kwa watu!"

Kiswahili chetu cha huku mnakijua, hata mtu tunamwita "hiyo". Mimi nilisema "uzee". Adome alisikia "mzee".

"Hata wewe, Adome, usiogope," nikaendelea, nimejaa ukarimu. "Nitakupa namba ya yule mama. Ndani ya wiki moja umemaliza yako."

Adome aliruka nyuma akakanyaga sufuria.

"Achana na yangu! Yangu ni mzima, nimemwacha nyumbani anakunywa chai!"

"Nani anakunywa chai?"

"Mzee wangu!"

"Na nani ameuliza mzee wako?"

Tukasimama tunaangaliana. Kisha Adome akauliza polepole, kama mtu anayepima maji kwa fimbo: "Abei. Lotiir amekufa, ama hajakufa?"

Nilikaa chini, juu ya ile sufuria.

"Lotiir? Nani amesema Lotiir amekufa?"

"Shingo yako imesema!" Akatoa simu akaninyooshea. Nilikuwa pale, shingo tupu kama ya mjane, na juu yangu: KWAHERI MZEE. Chini yake watu wameandika pole, pole, pole, Mungu amlaze pema. Wengine wameuliza chupa ni pesa ngapi, lakini hao ni wachache.

"Ni tangazo la mafuta!" nikapiga kelele, bila kufungua mdomo sana.

"Na macho je? Umelia mpaka yamefunga."

"Hayo pia ni mafuta!"

"Piga simu basi, aongee."

Nikapiga. Mteja hapatikani. Kule anakochunga hakuna mtandao. Akitaka kupiga simu lazima aje Lorugum.

"Umeona," Adome akasema. "Hapatikani."

"Hata akiwa mzima hapatikani!"

Hakuna aliyesikia. Walikuwa wameshakaa chini, wameshaanza kulia, na mmoja ameshauliza majani ya chai yako wapi.

Mtu wa kwanza kuniamini alikuwa Ekaale, mtoto wa Adome, ambaye ni muuguzi. Alikuja kunipa pole kama wengine, akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga.

"Ata," akasema, ndiyo nyanya kwa Kiturkana, "huku si kulia. Huku ni kuungua. Umepaka nini?"

Nikampa chupa. Akanusa, akavuta kichwa nyuma kama amepigwa teke na punda.

"Hii inavua ngozi ya juu. Acha leo. Osha na maji tu, upake mafuta ya kawaida ya mgando. Ukitoka nje, jifunike na leso, tembea kivulini. Uvimbe usipopungua mpaka kesho, nakupeleka hospitali mwenyewe."

"Hiyo tu? Maji na leso?"

"Hiyo tu."

"Na miaka itarudi?"

"Ata, miaka hairudi, hata ukinunua duka lote. Jua ndilo linakunja ngozi zaidi, na jua unaweza kulizuia. Angalia shingo yako..."

"Usiniambie habari ya shingo!"

"Haya. Na usicheke, usipanue mdomo. Midomo ikipasuka itakuwa kidonda."

Niliona uchungu kidogo, nitasema ukweli. Nilipita konokono, nikapita limau, nikapita Kakuma kwenda na kurudi, kumbe dawa ni leso ambayo siku zote nafungia sukari.

Mchana gari la kutoka Kakuma likasimama. Akashuka Longor.

Longor ni mdogo wake Lotiir, anakaa karibu na Kalobeyei. Hana meno hata moja lakini ana haraka ya watu watatu. Akaingia bila kubisha, akavuta kigoda cha Lotiir, kile ambacho hata wajukuu hawagusi, akakikalia. Akaweka mfuko wake wa ngozi katikati ya miguu.

"Mke wa ndugu yangu, pole. Nimeshachinja dume kule, watu wamekula. Desturi unaijua, ndugu hurithi ndugu. Kuanzia leo mji huu nauangalia mimi, na wewe pia nakuangalia mimi."

"Longor, Lotiir ni mzima!"

"Wajane wote husema hivyo siku za kwanza." Akanisogelea, akaniangalia uso kwa muda. "Lakini picha ilikuwa nzuri zaidi."

"Ile ilikuwa shingo."

"Basi nitakuwa naangalia shingo."

Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kukohoa ndani ya shuka. Mimi ningecheka pia, kama uso ungekuwa wangu.

Hapo ndipo tukasikia pikipiki. Mtu akakohoa nje. Hicho kikohozi nimekisikia miaka hamsini.

Lotiir akainama, akaingia, vumbi mpaka magotini, fimbo mkononi.

Adome alitoka kwa kuruka ua, mwanamke wa miaka sitini. Wengine wakashikana. Longor peke yake hakuondoka kwenye kigoda.

"Nimeenda duka Lorugum kununua tumbaku," Lotiir akasema. "Mwenye duka akanipa pole ya kifo changu. Basi nikasema nije nione nimezikwa wapi."

Ekaale akacheka. Mtu mwingine akacheka. Lotiir hakucheka. Hakuangalia uso wangu uliovimba wala Longor juu ya kigoda chake. Aliangalia shingo.

"Abei, alagama yangu iko wapi?"

"Kakuma."

"Nani aliitoa?"

"Mimi."

"Nikiwa mzima."

Mnajua mwanamke akimvulia mume aliye hai alagama, ni kama amemchimbia shimo. Nilijua tangu mwanzo. Nilijua hata Christelle alipoweka goti mgongoni. Nikasema ni dakika moja.

"Ulinicheka siku tatu," nikasema mwishowe.

"Sikukucheka wewe. Nilimcheka yule msichana. Anaangalia uso anaona uzee, hajui kitu." Akaninyooshea kidole kwenye paji la uso, bila kugusa. "Huu mkunjo ni wa mwaka mbuzi zote zilikufa. Huu ni wa mtoto wetu tuliyemzika Lorugum. Nilikuwepo ikiingia. Sasa wewe ulikuwa unafuta nini?"

Mimi Abei, mwenye maneno ya kujaza gazeti wiki baada ya wiki, nikavuta leso nikafunika paji la uso.

"Leta alagama," akasema. "Nikuvishe mwenyewe, watu waone, yaishe. Isipopatikana, mimi kweli nimekufa hapa."

Nikampigia Christelle, nikaweka sauti kubwa wote wasikie.

"Koko! Duka imejaa watu! Wote wanataka ile shingo!"

"Christelle, nataka shanga zangu na ile chuma. Leo."

"Lakini shemeji yako alizichukua siku ya pili! Ule mzee hana meno. Alisema ametumwa na bwana yako."

Nyumba nzima ikageuka kumwangalia Longor.

Longor hakuona haya. Akafungua mfuko wa ngozi, akatoa shanga zangu, na juu ya shanga alagama, imepanguswa mpaka inang'aa.

"Lete," Lotiir akasema.

"Sileti. Anayevisha ni mume. Wewe umeliliwa, na dume lako limeliwa. Mtu ambaye watu wameshakula matanga yake hawezi kurudi hivi hivi tu na pikipiki."

"Longor, ondoka kwenye kigoda changu."

"Cha marehemu."

Longor akasimama. Fimbo ya Lotiir ikasimama. Ekaale akajiweka katikati.

Nilitaka nionekane msichana. Haya, nimepata: wazee wawili ndani ya nyumba yangu, wananigombania kama msichana wa edonga. Mmoja hana meno, na mwingine ni marehemu.

"Tusipigane," Lotiir akasema, akashusha fimbo. "Mwenyewe yuko hapa. Yeye ndiye alitoa, yeye aseme. Abei, mbele ya hawa watu wote: mume wako ni mzima, ama amekufa?"

Swali jepesi. Hata mbuzi angejibu.

Nilifungua mdomo nipige kelele kwamba ni mzima, ni mzima, ni huyu. Nikaufungua kwa nguvu yangu yote. Ile ngozi iliyokazwa na chupa mbili za ujana ikapasuka pande zote mbili, damu ikajaa mdomoni, na neno likarudi tumboni. Nikajiziba na leso. Sikuweza kutoa hata sauti.

Basi nikatikisa kichwa kwa nguvu, kulia na kushoto. Nilikuwa nasema hajafa.

Lakini Lotiir alikuwa ameuliza maswali mawili, na la kwanza lilikuwa: ni mzima?

Aliniangalia muda mrefu. Nikaendelea kutikisa, na kila nikitikisa naona anazidi kuzeeka. Kisha akageuka, akainama chini ya mlango, akatoka. Pikipiki ikawaka.

Nikasikiliza mpaka ikapotea. Safari hii hakuwa anacheka.

Na kabla sijageuka, nikasikia chuma baridi kinanigusa shingoni, kutoka nyuma.